Beringi ya Mhezi

Mhezi, 3 Februari 1975

Mwanangu Wema,

Salamu nyingi. Hatujambo sote, mama yako anauliza kama baridi ya Ujerumani imekuzoea. Nimeshika kalamu kwa sababu ya mashine ya kusaga ya kijiji. Beringi inayoshika mhimili wake imeanza kulalamika, na mpya haitafika kabla ya Oktoba. Nikiizima sasa, kina mama watashuka na mahindi kichwani hadi Same, na mama yako mmojawapo. Uliandika kwamba huko kompyuta hukadiria chuma kitadumu mpaka lini. Vipimo vyote, na saa inazosaga kwa siku, nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Iulize.

Baba yako,
Eliezeri

Dresden, 20 Aprili 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimewakumbuka mno. Nimetoboa kadi mia mbili za kuielekeza kompyuta, nikaizungusha mashine yetu ndani yake kwa hesabu hadi beringi ikachoka. Jibu ni siku mia na themanini tangu ulipopima. Agosti 2 itapasuka. Nakujua, huisikiliza kwa bisibisi, mpini sikioni. Vyuma vikiruka vitakukuta hapo hapo. Izime Julai, baba. Naogopa sana.

Binti yako,
Wema

Mhezi, 7 Septemba 1975

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya changu, na sikio lipo. Julai sikuizima. Nilitazama kalenda, nikaona Agosti 2 ni Jumamosi. Mashine itapasukaje siku ambayo haizunguki? Ndipo nikajua umeiambia kompyuta juma lina siku saba za kazi. Umesahau Sabato, mama. Nikaongeza Sabato thelathini kwa penseli, nikapata Septemba mosi. Ijumaa ya Agosti 29 niliizima, nikaifungua. Ufa ulikuwa karibu kuizunguka beringi yote. Kompyuta yako haina kosa. Sasa mama yako anashuka Same, nami nambebea debe lake, watu wanacheka.

Baba yako,
Eliezeri

Dresden, 5 Oktoba 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tangu Agosti nilidhani umekufa. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikalia. Kadi yenye ile saba naituma humu, mwonyeshe mama.

Jana, Jumamosi, sikwenda maabara. Nilikaa chumbani nikaimba wimbo wetu wa Sabato kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani. Ubeti wa kwanza ninao, wa pili ninao. Wa tatu umenitoka kabisa. Niandikie huo kwanza, baba, habari za beringi zitafuata.

Binti yako,
Wema