Mwalimu, Kinga Nimeifanya Hiari

Mwangaluka, Mwalimu Masanja; nakuamkia kwa Kisukuma chetu.

Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike kule Sola, na bado nina hasira na wewe. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo. Mtu gani anagombana na mwanafunzi wake Alhamisi, halafu Ijumaa anakufa?

Basi jua kwamba ile kinga nimeifanya hiari. Ndiyo, nimegusa kiini cha mfumo wako, ile programu inayoamrisha kompyuta nzima. Uliandika kwamba kama prosesa, ule ubongo wa kompyuta, haina uwezo wa kuzuia virusi kujiendesha ndani ya kumbukumbu, kompyuta isiwake kabisa. "Kinga haina hiari, Minza!" Ukapiga meza, chai ikamwagika.

Haya. Kompyuta kumi za chuo chetu ni kuukuu, tulipewa na mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa pamba walioingia Bariadi soko lilipofunguliwa. Nane hazina hiyo kinga. Tulipoweka mfumo wako, zote nane zikagoma, na mkuu wa chuo akamwita mtu wa vyuma chakavu. Vyuma chakavu! Zile ulizozipuliza vumbi la pamba kwa pampu ya baiskeli, unapiga chafya huku unacheka mwenyewe!

Nikakataa. Nikamwambia mkuu anifukuze kwanza mimi. Kisha nikabadilisha: yenye kinga inaitumia, isiyo nayo inatoa onyo kwenye kioo, halafu inawaka. Zimewaka zote, Mwalimu. Wale wanafunzi wetu mabinti wanaotoka Lingeka walikuwa wameshafunga mizigo warudi kwao. Leo wako darasani, wanachapa na kupiga kelele.

Najua utasema nimeacha mlango wazi. Nimeuacha. Ndiyo maana nimeng'oa sehemu za kuingizia disketi kwenye zile nane, na intaneti hatuna. Hivyo virusi vitakuja na basi la Mwanza? Niambie!

Nilimwonyesha fundi mmoja wa mjini kazi yangu, akasema, "Iko poa." Hakusoma hata mstari mmoja. Wewe ungekaa na kalamu nyekundu, ungenigombeza mpaka nikome. Nalia hapa, sikufichi. Nimeshinda, na hakuna wa kunibishia.

Pumzika, baba. Nakuahidi, kompyuta yenye kinga hakuna atakayeizima kinga hiyo mbele yangu. Jina lako liko juu ya programu, sijaligusa. Ila kwenye mistari niliyobadilisha nimeandika langu, ili siku ikiharibika, waseme ni Minza.