Tulipomzika Mutua

Kioko mdogo wangu,

Natumai wewe na mama mko salama. Huku Kibwezi jua ni kali na upepo umejaa vumbi, lakini mimi nasikia baridi. Jana tulimzika Mutua, yule niliyefanya naye karate tangu shuleni. Vijana wawili walimvamia akitoka sokoni, wakitaka simu. Aliwaangusha wote wawili na njia ikawa wazi, lakini akarudi kuiokota simu iliyokuwa imeanguka. Mmoja alikuwa na kisu.

Wanafunzi wake wa karate walikuja na sare nyeupe, wakataka kurusha mateke kando ya kaburi ili kumpa heshima. Mwalimu wetu wa zamani akawakataza. "Hapana. Inameni tu."

Tukainama. Baadaye tulipewa muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na Mwalimu akaketi karibu nami bila kuonja chake. Akaniambia, "Mwende, niliwafundisha kupiga ili mpate nafasi ya kukimbia. Huyu nilimsifu sana kwa kupiga. Kwa kukimbia sikumsifu hata siku moja." Kisha akalia mbele ya watu, mtu ambaye hatukuwahi kuona machozi yake. Nilimshikia tu sahani.

Najua unajivunia mkanda wako mpya, na mimi pia najivunia. Lakini wakikusimamisha njiani, wape simu, wape hata viatu. Nikirudi Jumamosi nataka nikukute nyumbani, hata ukiwa pekupeku.

Nakupenda sana, na umkumbatie mama.

Dada yako,
Mwende