Ndiyo Niliyomwitikia Mjomba

Dada yangu Mama Twaha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umeshapona, na mama naye kifua kimemwachia. Mimi mwili ni mzima. Mengine nitayasema humu humu. Umeniuliza mara tatu kwa nini kina Zuhura kule Newala wamerudisha barua yetu ya posa, na mara zote tatu sikujibu. Ukasema nimeanza maringo ya Uturuki. Maringo gani, dada? Nimeamua kuandika kwa sababu kuongea kumeniponza.

Selemani, kaka yake Zuhura, ndiye niliyekuwa nikiishi naye hapa. Chumba kimoja, vitanda viwili, meza moja. Ndiye aliyenitafutia hii kazi ya kujibu simu za wateja, na ndiye aliyesema kama namtaka mdogo wake, yeye hana kinyongo.

Kazini tunavaa hedifoni kutwa nzima. Za kwanza zilinibana mpaka masikio yakatoka vipele. Nikanunua za mgongo wazi, zile zenye matundu kwa nje kama chekeche, hewa inapita. Hazina maiki, basi nikatafuta maiki ya kupachika, inanasa ubavuni kwa sumaku. Nikajiona mjanja kweli. Muuzaji alinisifia kwamba ukizivaa unasikia hata mlango ukigongwa. Sikujiuliza kama aliye nje ya masikio yangu naye anasikia ninachosikia mimi.

Jumapili ile mlipokaa nyumbani kwa mama kule Lupaso, mliniunganisha kwa simu kwenye maongezi ya pamoja. Mjomba alikuwa ameudhika kwamba barua ilipelekwa kabla hajaulizwa, na hapo alikuwa na haki yake. Selemani alikuwa hatua tatu nyuma yangu, anamenya vitunguu. Nje theluji, ningemtoa aende wapi? Nilivaa hedifoni nikiamini mambo ya nyumbani yatabaki masikioni mwangu. Mngeongea Kimakua huenda yangepita, lakini kwa ajili ya shemeji mwalimu, mtu wa Mbeya, mkaongea Kiswahili. Na shemeji huyo huyo alilalamika mapema, akauliza mbona mnajisikia wenyewe. Nikamjibu ni mtandao. Haukuwa mtandao. Sauti zenu zilikuwa zinavuja kwenye yale matundu, maiki inazidaka, zinawarudia.

Ndipo mjomba akaanza. Unayakumbuka, ulikuwa umekaa ubavuni pake. Kwamba marehemu mama yake Zuhura alikuwa akidamka kuokota korosho kwenye mashamba ya watu, na kwamba mtoto wa mwizi haingii kwenye ukoo wetu. Nikasema, "Ndiyo, mjomba." Akaongeza mengine, nikasema tena, "Ndiyo, mjomba." Kwetu mjomba akiongea hakatizwi. Unaitikia mpaka amalize, halafu ndipo unaomba useme la kwako. Nilikuwa namngoja amalize. Chaji ya simu yenu ikaisha kabla yake.

Nilipogeuka, Selemani alikuwa ameshaweka kisu chini. Nikakimbilia utani. Nikamwambia sisi Wamakua na nyinyi Wamakonde ni watani tangu enzi, mzee anatania tu. Hakupandisha sauti.

"Mtani angenitukana usoni, Hamisi. Mjomba wako hakujua kama nipo. Wewe ulijua, na ukasema ndiyo."

Nikamweleza kwamba ndiyo ile ni ya kuitikia, si ya kukubali. Akasema anaijua, naye mjomba wake humwitikia hivyo hivyo, ila lingekuwa la kumtukana mama yangu mimi, angemkatiza. Akaniambia mama yake aliokota kweli, kwa ruhusa ya wenye mashamba, na korosho hizo ndizo zilizomsomesha yeye. Wiki ile ile akahama. Zuhura hapokei simu yangu.

Nina uchungu na mjomba, sikufichi. Nina uchungu na wewe pia, dada, maana wewe ndiye mkubwa wetu na ulinyamaza. Lakini aliyekuwa anaoa ni mimi, na mdomo uliosema ndiyo ni wangu. Hilo ndilo linaloniamsha. Hedifoni bado ninazo, nafanyia kazi. Chumba nimebaki peke yangu, zivuje zinavyotaka.

Ninachokuomba ni kimoja. Mwambie mjomba aende Newala kwa miguu yake, akaombe radhi kwa watoto wa yule mama. Sisemi Zuhura atarudi. Mjomba atafoka, namjua. Akifoka, usimwitikie.

Nisalimie mama, mwambie shuka alilonipa ndilo ninalojifunika. Bibi mzaa mama mpe shikamoo yangu mkononi. Shemeji mwalimu mwambie alikuwa sahihi kuhusu sauti, nami namwomba samahani kwa kumbishia.

Na Twaha msalimie sana. Mimi ndiye mjomba wake. Mwambie akinisikia nasema ovyo, anikatize.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi