Imeshika

Jumatatu, 7 Mei 2007

Kwa heshima na taadhima, naandika katika daftari hili kwamba gari la nyumba hii limeanza kuimba. Kwi, kwi, kwi. Nyuma, upande wa kushoto. Wimbo ulisikika mara ya kwanza leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukitoka langoni hapa Uthiru. Waliohudhuria: mimi, mke wangu Mama Nafula na mbuzi wa jirani.

Mama Nafula ndiye dereva. Macho yangu hayaoni mbali. Yanaona karibu tu, na huko karibu ndiko ninakolia ugali: natengeneza mashine za kupiga chapa, ghorofa ya pili, katikati ya mji. Wateja wanapungua kama meno yangu. Leo ilikuwa mashine ya wakili mmoja. Herufi N imeshika, haipandi wala haishuki. Tone la mafuta ya cherehani, subira kidogo, ikaachia.

Jumanne, 8 Mei

Siku ya kidonda. Kila Jumanne na Ijumaa Mama Nafula huomba ruhusa kazini, humchukua mamake kule Kabiria, humpeleka hospitali. Kidonda cha sukari, mguu wa kushoto. Daktari hakuzunguka: kisafishwe mara mbili kwa wiki bila kukosa, la sivyo mguu utakatwa. Mama mkwe hawezi kukanyaga. Kwa hivyo bila gari, hakuna mguu.

Mimi siendi. Kwetu Bungoma mtu hapeani mkono na mama mkwe, hakai naye chumba kimoja, sembuse kagari ambamo magoti ya wa nyuma yanasukuma mgongo wa aliye mbele. Miaka ishirini na mbili tumeheshimiana kwa mbali. Akiwa na neno nami hulipitisha kwa bintiye, hata nikiwa nje ya dirisha nasikia yote. Leo limekuja hili: "Mwambie mkwe wangu kiti changu kinalia."

Nilicheka. Kiti? Ni gari, mama. Mtu asiyejua kuendesha akamcheka mwenzake asiyejua kuendesha.

Jumamosi, 12 Mei

Gereji ya Barasa, kando ya Waiyaki Way. Mawe manne, jeki moja, turubai lenye matundu. Barasa aliingia chini ya gari akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Hapo nikajua.

"Mzee, hebu kuja uone hii kitu."

Nikalala kwenye tope na koti langu zuri. Kila gurudumu la nyuma lina mkono wa chuma, na mkono huo unashikiliwa na bolti moja. Barasa alichokoa bolti ya kushoto kwa bisibisi. Ikamwaga unga wa kahawia. Imeliwa kiunoni, imebaki nyembamba kama penseli. Ya kulia ina nafuu, lakini nafuu ya mgonjwa.

Niliuliza itakaa siku ngapi.

"Mimi siwezi panda hii, mzee. Hata kwa ahera ukinipeleka bure."

Mwenye gari wa kwanza alikaa nalo Mombasa miaka minane. Chumvi ya bahari haina haraka. Nikasema, basi huo ndio wimbo. Barasa hakubisha. Gari nimemwachia abadilishe bolti zote mbili. Lazima liwe tayari kabla ya Jumanne.

Jumatatu, 14 Mei

Saa tisa Barasa alipiga simu. Chini barabarani mhubiri alikuwa anawachoma wenye dhambi kwa kipaza sauti.

"Mzee! Ya kulia nimebadilisha. Ya kushoto imeshika!"

"Imeshika sawasawa?"

"Imeshika kabisa!"

"Asante sana, Barasa. Mungu akubariki."

Salio lake likaisha hapo. Kisha akanifleshi mara mbili: simu inalia kidogo, inakatika. Anataka pesa ya chai, nikasema. Sikumpigia.

Jioni Mama Nafula akalichukua gari. Barasa hakuwepo, mwenzake ndiye aliyetoa ufunguo. Mama Nafula aliuliza mara mbili kama kazi imeisha. Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua mambo: imeshika.

Jumanne, 15 Mei

Mvua. Walikwenda, wakarudi. Wimbo bado upo. Bolti bado ngeni, nikasema, zitazoea. Sijui niliitoa wapi hiyo. Neno kutoka Kabiria: kiti bado kinalia.

Daktari kasema kidonda kinaanza kufunga. Mara ya kwanza tangu Januari. Mama Nafula aliimba akipika. Nyumba nzima inaimba.

Ijumaa, 18 Mei

Imekatika. Ile ya kushoto.

Mteremko wa kutoka Kabiria. Gurudumu lilijikunja chini ya gari kama mguu wa kuku. Gari likaenda upande, likaangukia mtaroni. Mama Nafula ameshonwa nyuzi sita kwenye paji la uso. Mamake alikuwa nyuma, kushoto, pale anapokaa siku zote. Paja limevunjika. Alilala kwenye maji ya mtaro mpaka vijana wa kibanda cha makaa walipomtoa. Bandeji ilikuwa nyeusi.

Nilipokea simu nikiwa na bisibisi mkononi. Nilifika kwenye ngazi za hospitali bado ninayo.

Jumamosi, 19 Mei

Nilikwenda kwa Barasa kupigana. Nina miaka hamsini na sita na sijawahi kumpiga mtu. Nilikuta yeye pia ananingoja.

"Mzee, si nilikuambia imeshika? Kutu imeshika! Nati imekataa kutoka! Jumatano ndio nilikuwa nilete mtu wa gesi aikate. Wewe ukaniambia asante, Mungu akubariki. Nikakufleshi. Nikakufleshi tena. Kurudi, napata mama ashaenda na gari. Nikasema, basi mzee ameamua."

Kisha akaketi juu ya tairi akajifunika uso kwa kofia.

Sikupigana. Ningempiga nani. Neno hilo ni langu, nalitumia mara kumi kwa siku. Herufi imeshika, rola imeshika, kengele imeshika. Mimi ni mtu anayelipwa kufungua vitu vilivyoshika. Nilisikia nilichotaka kusikia.

Mama Nafula sijamwambia.

Jumanne, 22 Mei

Siku ya kidonda. Hakuna safari, mgonjwa yuko huko huko. Mguu umebadilika rangi. Sijamwambia.

Jumatano, 23 Mei

Wamekata. Juu ya goti.

Nimemwambia jioni hii. Kila kitu: neno, mhubiri, simu za kufleshi. Alikuwa anakunja nguo za mamake za kupeleka wodini. Aliendelea kukunja. Alipofika kwenye soksi alitoa za kushoto, moja moja, akaziweka kando.

Jumapili, 27 Mei

Nimekwenda wodini. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi, nikitazama ukuta jinsi mtu anavyopaswa. Nilikuwa nimekariri msamaha njia nzima. Lakini ungepaswa kupitia kwa Mama Nafula, na Mama Nafula siku hizi hunipa maneno mawili tu, chai na chakula.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Kwa sauti, wodi nzima isikie.

"Mwambie mkwe wangu nimepungua uzito. Sasa gari lake litanyamaza."

Wagonjwa wakacheka. Mama Nafula hakucheka, wala hakunitafsiria. Mimi nilicheka, kwa adabu, kisha nikashuka ngazi nikaketi kwenye ya chini kabisa. Askari akaniambia hapo si mahali pa kuketi.

Jumamosi, 9 Juni

Barasa ameleta gari. Mtu wa gesi alikata kilichobaki, bolti zote mbili sasa ni mpya. Nililala tena chini nikatazama mwenyewe. Kipande cha zamani alinipa kimefungwa kwa gazeti. Kipo hapa mezani. Kirefu kama kidole changu cha shahada, na kinachafua daftari.

Mama mkwe anatoka Jumatatu. Kwa hivyo leo tulilijaribu gari. Mama Nafula aliketi mbele, mimi nyuma, kushoto. Sijawahi kukaa hapo. Tulishuka ule mteremko polepole, tukapandisha, tukarudi.

Kwi, kwi, kwi.

Tulipofika nyumbani niling'oa kiti cha nyuma. Springi moja imetoka mahali pake, inasugua bati. Niliitia tone la mafuta ya cherehani. Nikakaa, nikainuka, nikakaa. Kimya.

Ni kiti kilichokuwa kinalia.