Mikono ya Tantine Marie

Mujukuu wangu Béa,

Huku Kabondo tuko wazima, na mama yako anakusalimia. Umeuliza, wewe unayesomea uuguzi, kama zamani tuliona ugonjwa wa kuvu kwenye ubongo.

Tuliona, kabla ya uhuru. Kaka yangu Albert alikonda, kisha kichwa kikamuuma hadi akachukia mwanga. Majirani wakasema tantine Marie, dada ya baba, amemuloga. Daktari alimtoa maji mgongoni, akakuta kuvu. Mwili ulikuwa umekosa nguvu ya kujikinga, na dawa haikuwepo.

Mama alimwita tantine mbele ya wote: "Marie, kuya. Shika kichwa ya mutoto yako."

Albert alifia mikononi mwake. Majirani walipokuja kutoa pole, walianza na tantine.

Koko wako, Véronique