Mlio wa Saa Nane Mchana

Jumapili, mvua.

Imenyesha tangu alfajiri na Jinja yote imenyamaza. Maduka ya mtaa wetu yamefungwa, na vijana wa boda wamejibanza kwenye baraza zile za zamani zilizojengwa na Wahindi, wamekunja mikono. Mimi nimekaa kitandani. Mbele yangu kuna kitu kilichofungwa kwa leso ya kijani. Sijakifungua tangu jana.

Ni pampu ya insulini ya Zaituni.

Huwa nasema kwamba blogu hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ofisini hakuna anayekisoma. Ni kweli, lakini si kweli yote. Baba alikuwa polisi, nikakulia kambini, na Kiswahili ndicho nilichochezea utotoni. Zaituni alikicheka sana. "Kiswahili chako, Karani, ni cha kuamrisha watu wapige magoti." Cha kwake kilikuwa cha nyumbani, cha mama yake. Asubuhi hii nimegundua kwamba nimekaa kuandika, kwa lugha ya Mama Zaituni, jambo ambalo jana nilishindwa kumwambia Mama Zaituni mwenyewe.

Nianzie mwanzo, nisije nikaruka mahali ninapopaogopa.

Mimi na Zaituni tulikutana Mbale tukiwa wasichana wa sekondari, kwenye benchi la kliniki ya kisukari. Kila mmoja alikuwa na kichupa chake cha insulini ndani ya kopo la maji baridi. Kisukari chetu ni cha aina ya kwanza, kile kisichohusiana na kupenda keki. Mwili umeacha kutengeneza insulini, basi. Usipoiingiza wewe, unakufa polepole. Ukiizidisha, unakufa haraka. Nesi alituambia hivyo hivyo, bila kupamba, na Zaituni akaninong'oneza, "Huyu angefaa kutangaza vifo redioni." Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Miaka mitatu iliyopita mjomba wake anayeishi ng'ambo alimletea pampu. Ni mashine ndogo kama kiberiti kikubwa. Inakaa kiunoni na kusukuma insulini mwilini kidogo kidogo kupitia mrija mwembamba. Pamoja nayo vilikuja vihisi, vile vidude vyeupe vya mviringo, vikubwa kupita sarafu ya mia tano kidogo tu, vinavyobandikwa mkononi na kusoma sukari kila baada ya dakika chache. Pampu alibaki nayo yeye. Vihisi akanigawia. Kila boksi lililofika alilipasua katikati, nusu kwa nusu, nami nikamwambia sitaweza kumlipa. Akasema, "Utanilipa kwa kunilinda."

Alikuwa na maana halisi kabisa. Simu zetu tuliziunganisha. Mimi Jinja niliona sukari yake, yeye kwao Namakwekwe, pale Mbale, aliona yangu. Ikishuka chini ya nne, simu ya mwenzako inalia milio mitatu inayopanda, kama ndege aliyeshtuka. Hapo unapiga na kuuliza swali moja tu: "Umekunywa chai?" Kama aliyeshuka ana akili zake, anajibu, "Nimekunywa," anakunywa soda, na mnaendelea na siku.

Sasa kuna jambo ambalo mtu asiyevaa kihisi hawezi kulijua. Ukikilalia, kinadanganya. Uzito wa mwili unakibana, nacho kinapiga kelele kwamba unashuka, wakati wewe uko salama unaota ndoto. Zaituni alikuwa na mazoea ya kujinyoosha mchana baada ya sala ya adhuhuri, kwa ubavu wa kushoto, na kihisi chake kilikuwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo karibu kila siku, saa nane, simu yangu ililia. Nikipiga, anapokea kwa sauti nzito ya usingizi: "Nimekilalia tena, Karani. Rudi kazini."

Hata siku moja sikumwambia ahamie mkono wa kulia. Nimelifikiria hilo kwa siku arobaini.

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili. Bosi wangu hajui kwamba ninaumwa. Kazi niliipata baada ya kutafuta mwaka mzima, nami ni mtu wa kuogopa. Nilifikiri wakijua, watampa mtu mwenye kongosho zima. Basi simu ikilia ninatoka koridoni nikijifanya naenda chooni. Wiki ile bosi alikuwa ameshaniuliza mbele ya wateja, "Karani, hiyo simu yako inaumwa? Ipeleke hospitali!" Wateja wakacheka. Mimi nilicheka kuwazidi.

Ilikuwa Alhamisi. Saa nane na dakika kumi na mbili. Nilikuwa nimeshika kidole gumba cha mzee mmoja asiyejua kuandika, namkandamizia kwenye wino ili atie alama kwenye hati ya kiapo. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Simu ikalia mezani.

Niliitazama. Hilo lazima niliandike. Sikuikosa, sikuwa mbali nayo. Niliitazama, nikaona jina lake na tatu nukta nane, nikasema moyoni, amekilalia tena. Nikaizima sauti. Nikailaza kifudifudi chini ya faili.

Mzee akauliza kama dole limetosha. Nikamwambia limetosha.

Niliigeuza simu saa kumi kasoro dakika tano. Maonyo yalikuwa manne. Tatu nukta nane. Tatu nukta moja. Mbili nukta nne. La mwisho halikuwa na namba, liliandikwa tu CHINI. Nilimpigia Zaituni mara mbili, hakupokea. Nikampigia mama yake. Nikasikia cherehani ikisimama, nikasikia malapa sakafuni, mlango, kisha sauti ambayo siwezi kuiandika.

Alikuwa amebonyeza dozi ya chakula cha mchana. Ndivyo tulivyofundishwa: ibonyeze robo saa kabla ya kula, ili insulini iukute wali njiani. Akaibonyeza, akajinyoosha kidogo kusubiri wali uive. Usingizi ukamchukua. Mama yake alipopakua alimkuta amelala, akamwonea huruma, akaiweka sahani kando ya kitanda na kuifunika kwa sahani nyingine.

Walimfikisha hospitali. Hakuamka. Siku ya tatu alikufa.

Jana ilikuwa arobaini yake. Nilikwenda Mbale nikiwa nimekariri la kusema. Njia nzima ya Tirinyi, mashamba ya mpunga yakipita dirishani, nilikuwa nalirudia: Mama, nilisikia, nikazima. Maneno matatu. Hata mtoto angeyaweza.

Dua ilisomwa sebuleni, wanawake tukakaa chumba cha ndani. Nilijitanda mtandio ambao Zaituni aliniachia zamani. Shangazi yake, mama mnene kutoka Malukhu ambaye hatukuwahi kuonana, akanikagua kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe Karani ni wewe?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Sisi tulidhani Karani ni bwana! Kila saa simu, Karani, Karani. Mimi nilishaanza kuhesabu mbuzi wa mahari."

Wanawake wakacheka, mmoja akanipiga begani. Kwa muda mfupi ilikuwa kama Zaituni yuko jikoni na ataingia sasa hivi kujitetea. Kisha kila mtu akakumbuka tuko wapi, na vicheko vikaisha kimoja kimoja.

Mama Zaituni hakucheka. Alisema, "Msimtanie mwanangu. Huyu ndiye aliyepiga simu. Bila yeye ningeendelea kushona mpaka magharibi." Wakanitazama kwa heshima. Mmoja akaniongezea nyama kwenye sahani.

Nikaila.

Watu walipoanza kuondoka, Mama Zaituni alinishika mkono akanipeleka chumbani kwa marehemu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nguo zilikuwa zimeshagawiwa. Juu ya mto palikuwa na leso ya kijani, na ndani yake pampu, mirija na boksi la vihisi ambalo halijafunguliwa. Kihisi nilichovaa sasa ni cha mwisho katika alivyonigawia, na kitaisha Jumatano. Nakiri kwamba nililiona boksi kabla sijaiona pampu.

"Hii ni yako," akasema. "Hapa nani ataivaa? Mimi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimefika kwenye neno "Mama". Yeye akakaa kitandani akatangulia.

"Karani, mimi nilikisikia."

Sikuelewa.

"Kile kimashine. Kilikuwa kinalia. Nilikuwa hapo kwenye cherehani, nashona gauni la harusi la watu, bibi harusi analitaka jioni. Nikasema, amekilalia tena huyu mtoto. Kikalia tena. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisikisikie." Aliutazama mguu wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Sijamwambia mtu. Hata baba yake. Wewe ndiye unayezijua hizi mashine, na wewe hutanidanganya. Ningeinuka mara ya kwanza, angepona?"

Jibu nalijua. Saa nane na dakika kumi na mbili, tatu nukta nane, nusu chupa ya soda. Jibu ni ndiyo. Ni ndiyo kwake na ndiyo kwangu.

"Sijui, Mama," nikasema. "Wakati mwingine hata ukiwahi..."

Alitikisa kichwa taratibu. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza kama kulinyesha, "Na wewe? Simu yako siku ile haikulia mapema?"

Mungu wangu, alinifungulia mlango kwa mikono miwili.

"Mtandao ulikuwa umepotea," nikasema. "Uliporudi saa kumi ndipo nikaona."

"Najua. Wewe ungepiga." Akaniwekea leso mapajani. "Wewe hungefanya kama mimi."

Akalia kwa kichwa chake begani mwangu, nami nikampapasa mgongo nikisema si kosa lako, Mama, si kosa lako. Akanishukuru. Alinishukuru mara tatu. Nikapanda gari nikarudi Jinja na pampu, na boksi, na shukrani.

Sijawahi kujichukia hivi.

Usiku sikuogopa mauti, ambayo huwa nayaogopa kila siku. Niliogopa kile kiti cha cherehani. Nilimwona Mama Zaituni amekaa pale leo, kesho, mwaka kesho, akiamini kwamba duniani kote ni mtu mmoja tu aliyeusikia mlio ule na kuupuuza. Kumbe tulikuwa wawili, tukisema maneno yale yale, kwa saa ile ile. Nimemwibia mwenzake wa kubeba naye.

Najaribu kuwa mkweli kuhusu ninachoogopa. Naogopa atanichukia. Naogopa yule Shangazi. Naogopa pia, na hili ni aibu kuliko yote, kwamba atataka pampu irudi, nami Jumatano nitakuwa natoboa vidole tena kupima sukari, bila boksi na bila mtu wa kuniuliza kama nimekunywa chai.

Jumanne ni siku yangu ya kliniki. Pampu haiwezi kuvaliwa hivi hivi. Dozi zilizomo ndani yake zimepimwa kwa mwili wa Zaituni. Lazima nesi azifute na kuweka zangu, na akifuta zake, rekodi ya Alhamisi ile, ya kila mlio na saa yake, itakwenda nazo. Hakuna atakayejua kitu. Nilipoliwaza hilo nikasikia moyo wangu ukipata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko kitu kingine chochote. Jumanne sitaipeleka.

Asubuhi saa nne, mvua ikipiga mabati, nilimpigia. Alipokea haraka.

"Karani! Umekunywa chai?"

Hajui kwamba lilikuwa swali letu. Au anajua. Labda alilisikia mara nyingi kupitia ukutani akishona. Akaita, "Haloo? Mtandao umepotea?"

"Mtandao upo, Mama," nikasema. "Na siku ile ulikuwepo."

Nilisikia cherehani kwa mbali, kisha nikasikia inasimama.

Nikamwambia nitakuja Jumamosi, kwamba nina jambo na silitaki kwenye simu, na kwamba pampu nitakuja nayo. Hakuuliza ni jambo gani. Akasema tu kwa sauti ndogo, "Njoo. Nitapika wali."

Nikamwomba asipike mpaka tumalize kuongea. Akasema, "Haya."

Leso bado imefungwa. Kihisi changu kinasoma saba nukta mbili, na hakuna simu yoyote mahali popote inayoiona namba hiyo isipokuwa yangu. Kesho Jumatatu. Nina siku tano za kuogopa.