Maharage Kwenye Sinia

Jumanne. Mvua imekatika sasa hivi.

Nimejikasirikia tangu mchana. Wiki nzima nawamwagia watoto wa kambi ya wakimbizi, ninaowafanyisha mazoezi ya mikono, maharage niliyonunua sokoni Ujiji, wayaokote kwa vidole viwili na kuyatia kwenye chupa. Ni mchezo wa kuvizoeza vidole. Wengine wanashindana na kucheka. Furaha hachezi. Ana miaka minne, na mkono wake wa kulia umelegea tangu alipougua, kabla hawajavuka ziwa. Anatazama tu sinia, mkono kaufunika kwa gauni.

Leo nilimsema kidogo. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni, akaniambia taratibu, "Dada, usimgombeze. Nilimfundisha chakula hakichezewi."

Najua mgao wao wa chakula umepunguzwa tena. Nalijua hilo, na bado nikamwaga...

Nikamwambia Furaha kwamba si mchezo tena. Atakayookota ni yake, ampelekee mama.

Akautoa mkono. Wa kushoto ukashika chupa, wa kulia ukaingia kwenye sinia. Punje ya kwanza ilimponyoka, akairudia mpaka ikakaa kati ya gumba na kidole cha shahada, vile nilivyokuwa naomba. Siku nyingine ningepiga makofi.

Aliokota mpaka sinia likawa tupu, hata punje zilizoangukia mkekani. Kisha akaja kwangu, akanifungua viganja, kimoja kimoja, aone kama nimebakiza.